C inatibika, B imelala: nianze na ipi?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 41 na sijawahi kulazwa. Nilikwenda kuchangia damu nikaambiwa haifai, nikachunguze ini. Majibu ni haya: HBsAg (kipimo cha homa ya ini B) chanya, kingamwili za homa ya ini C chanya, wingi wa virusi vya C 1,800,000, virusi vya B havikuonekana, vimeng'enya vya ini ALT 64 na AST 48, chembe sahani za damu 190. Daktari wa kwanza kasema B imelala, ninywe dawa za C wiki 12 na habari imekwisha. Wa pili kasema nisithubutu kugusa dawa za C kabla ya kuanza dawa za B. Nimfuate yupi? Na nimeyapata wapi magonjwa mawili kwa mpigo? Nina mke na watoto wawili.

Jibu: Pole, ndugu yangu. Ulikwenda kutoa damu imfae mgonjwa, ukarudi na wewe umekuwa mgonjwa, tena wa magonjwa mawili. Hilo linatosha kumnyima mtu usingizi.

Mfuate wa pili. Wa kwanza hakukudanganya, maana B yako imelala kweli. Ila hakukwambia imelazwa na nani, na jibu la swali lako liko hapo hapo. Iliyoilaza ni C, na C ndiyo unayokwenda kuiondoa.

Virusi hivi viwili havina undugu wowote; kinachoviunganisha ni ini tu. Kirusi cha C hubeba vinasaba vya RNA na hufanya kazi zake zote nje ya kiini cha seli. Hakina ghala. Ukikizuia kuzaliana kwa wiki kadhaa, kinakwisha, na ndiyo sababu C inapona kabisa. Kirusi cha B kina tabia nyingine. Kinaingia mpaka ndani ya kiini cha seli ya ini na kuacha humo nakala ya vinasaba vyake iliyojifunga kama pete, na vipande vyake vingine hujipachika kwenye vinasaba vya mwenye mwili. Dawa tulizonazo zinazuia kisizaliane, lakini ile pete haziifikii. Kwa hiyo maabara inapoandika kwamba virusi vya B havikuonekana, maana yake havionekani kwenye damu. HBsAg ni ganda la kirusi, na yako ni chanya. Ganda haliji bila mwenyewe. B unayo.

Mtu akiwa na vyote viwili, mara nyingi C ndiyo inayotawala: idadi yake inakuwa juu na ya B inashuka, wakati mwingine hadi chini ya kile mashine inachoweza kuhesabu. Karatasi yako ni mfano wa darasani. Zamani tulidhani C inaikaba B moja kwa moja ndani ya seli. Majaribio ya maabara yakaonyesha kwamba vinaweza kuzaliana ndani ya seli moja bila kugombana. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni kwamba C inaamsha ulinzi wa asili wa ini. Fikiria mtaa ambao walinzi wanapiga filimbi usiku kucha kwa sababu ya mwizi mmoja. Mwizi mwenyewe kelele hizo amekwishazizoea, anaendelea na shughuli zake. Anayeshindwa kutoka ni mwizi wa pili, mwoga zaidi. Siku ukimkamata yule wa kwanza, walinzi wanakwenda kulala.

Dawa mpya za C zinamkamata haraka mno. Enzi za sindano za interferoni na vidonge vya ribavirin, mgonjwa aliteseka hadi wiki 48, nywele zikipukutika na homa zikija kila wiki, lakini interferoni yenyewe ilikuwa inaipiga na B. Dawa za vidonge zilipoanza kutoka mwishoni mwa 2013, kila mtu alishangilia, nami nilikuwemo. Lakini wenye B walikuwa wamewekwa kando kwenye majaribio ya dawa hizo, kwa hiyo hakuna aliyeona litakalowapata. Oktoba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo la ngazi ya juu kabisa: tangu Novemba 2013 hadi Julai 2016 ilikuwa imepokea taarifa za watu 24 ambao B yao iliamka wakati wa kutibiwa C. Wawili walifariki na mmoja akapandikizwa ini jingine. Ukilinganisha na umati uliotibiwa, 24 ni wachache. Ila kuamka kwa B ni jambo la kuzuilika, tena kwa kidonge kimoja kwa siku, ndiyo maana onyo likawa kali.

Utafiti uliofuata ulitoa picha iliyotulia zaidi. Kati ya wenye HBsAg chanya wanaotibiwa C bila kinga ya dawa za B, takribani mmoja kati ya wanne virusi vyake vya B hupanda. Wanaofikia hatua ya ini kuvimba ni wachache zaidi, pungufu ya mmoja kati ya kumi. Mara nyingi hutokea kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya dawa, ingawa huweza kuchelewa mpaka baada ya dozi kwisha. Nakumbuka mgonjwa mmoja aliyeletwa kwangu akiwa wiki ya 7. Virusi vya C vilikuwa vimekwisha kabisa na karatasi ya majibu alikuwa nayo mfukoni, ameikunja vizuri, ameifurahia. Lakini mkojo ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa na weupe wa macho umeingia manjano. Alikotokea hakuna aliyempima HBsAg. ALT ilikuwa imepita 900. Alipona, baada ya wiki tatu za wasiwasi.

Basi kwa mtu kama wewe njia ziko mbili, na madaktari makini bado wanabishana ipi iwe ya kawaida. Moja ni kuanza dawa ya B, yaani tenofovir au entecavir, kabla au pamoja na dawa za C, na kuendelea nayo hadi wiki 12 baada ya dawa za C kwisha, kisha kupima upya na kuamua. Nyingine ni kutoanza dawa ya B, bali kupima ALT na wingi wa virusi vya B kila wiki 4, na kuanza mara virusi vinapopanda. Njia ya pili si uzembe, ni halali. Lakini inataka maabara inayotoa majibu kwa wakati, mgonjwa asiyekosa tarehe hata moja, na daktari anayeyasoma majibu siku yanapotoka. Ikikosekana moja kati ya hizo tatu, hiyo si njia tena. Mimi nashauri kidonge.

Tena kuna jambo jingine linaloniegemeza kwa daktari wako wa pili. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipanua orodha ya watu wanaostahili kutibiwa B, na kuwa na C pamoja nayo ikaingizwa kama sababu inayojitegemea. Huhitaji kusubiri virusi vya B vifike 2,000. Orodha hiyo hiyo inamtaja pia mtu ambaye ini lake limeanza kuwa na makovu ya maana, na hapo nataka tutazame namba zako.

Kuna hesabu iitwayo APRI, unaweza kuifanya mezani kwako. Chukua AST yako, 48. Igawanye kwa kiwango cha juu cha kawaida kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara. Nyingi huandika 40. Unapata 1.2. Zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa chembe sahani, 190. Jibu ni 0.63. Mwongozo wa 2024 unasema ukizidi 0.5 kwa mtu mzima mwenye B, yaelekea makovu yapo. Ukizidi 1, shuku sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kuanza kukakamaa. Wewe uko katikati. Usishtuke lakini: hesabu hii inatumia AST, na AST yako inaweza kuwa imepandishwa na uvimbe wa C wa leo, si kovu la jana. Ndiyo maana naomba ufanyiwe kipimo cha ugumu wa ini, kile cha mashine inayogonga polepole ubavuni upande wa kulia huku umelala, hakina sindano wala maumivu. Kitatuambia kama 0.63 ni kovu au ni moshi tu. Kikisoma zaidi ya 7, makovu yapo. Na kifanyike kabla ya matibabu, kwa sababu kuwepo kwa sirosisi kunabadilisha uchaguzi wa dawa za C na kunabadilisha jinsi tutakavyokufuatilia maisha yako yote.

Kabla ya kidonge cha kwanza cha B, pimwa VVU. Watu huchukia ninapowaambia hivi, wanaona nimewashuku. Sababu ni ya kitabibu kabisa: tenofovir na entecavir zote zinagusa VVU pia, na ukizimeza peke yake ukiwa na VVU usivyojua, unavifundisha virusi hivyo usugu. Pimwa pia homa ya ini D, ambayo humpata mwenye B pekee kwa kuwa kirusi chake huazima ganda la B. Na upimwe figo, maana tenofovir huzigusa kidogo kwa baadhi ya watu. Figo zikiwa na shida, entecavir au ile aina ya tenofovir iliyo laini zaidi kwa figo itafaa.

Kwa upande wa C sina mengi, kwa sababu hapo kazi ni nyepesi. Sofosbuvir pamoja na velpatasvir, kidonge kimoja kwa siku, wiki 12. Au glecaprevir na pibrentasvir kwa wiki 8 kama huna sirosisi iliyolemea ini. Wanaopona ni zaidi ya 95 katika kila 100, na kuwa na B hakupunguzi nafasi yako. Ila mpe daktari orodha ya kila unachomeza. Rifampisini ya kifua kikuu na dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini huondoa nguvu ya dawa hizi. Amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, ikikutana na sofosbuvir inaweza kuyashusha mapigo hayo kwa hatari. Hata omeprazole, ambayo watu huimeza kama peremende, hupunguza velpatasvir inayofyonzwa, kwa sababu velpatasvir inahitaji asidi ya tumbo. Mitishamba ya "kusafisha ini" iweke kando yote. Nimeona maini mengi yaliyoharibiwa na dawa za kuyasafisha.

Pombe acha. Sisemi punguza. Virusi viwili pamoja hulitia ini makovu haraka kuliko kimoja, na hatari ya saratani ya ini huwa kubwa kuliko ya mwenye kimoja tu. Pombe inaharakisha yote mawili. Parasetamoli unaweza kutumia ukiumwa kichwa, usizidishe gramu 2 kwa siku.

Umeuliza umeyapata wapi. Sijui, na nakusihi usianze kumtazama mkeo kwa jicho la pembeni. B iliyokaa mwilini mwa mtu mzima aghalabu iliingia utotoni. Mtoto mchanga akiambukizwa, takribani 90 kati ya 100 hubaki nayo. Mtu mzima mwenye kinga nzuri akiambukizwa, pungufu ya 5 kati ya 100 ndio hubaki nayo, wengine miili yao huifukuza. Kwa hiyo yaelekea umeishi nayo karibu miaka 40 bila kujua. C hupita zaidi kwenye damu: sindano iliyotumika kwa zaidi ya mtu mmoja, vifaa vya tohara, vya meno au vya kuchanja chale ambavyo havikuchemshwa ipasavyo, damu uliyoongezewa. Kumbuka kwamba kirusi cha C kilitambuliwa 1989 tu. Kabla ya hapo madaktari waliuita ugonjwa huo "homa ya ini isiyo A wala B", na hapakuwa na kipimo cha kuchuja damu ya kuongezewa. Wewe ulikuwa mtoto wakati huo. Kama uliwahi kuongezewa damu au kushonwa jeraha utotoni, waulize wazazi, ila jibu lao halitabadilisha dawa.

Sasa nyumbani, na hili usilipe nafasi ya pili. Mkeo na watoto wapimwe wiki hii, si baada ya wewe kupona. Kwa B wapimwe vitu vitatu: HBsAg, kingamwili za kiini cha kirusi, na kingamwili za kinga. Asiye na maambukizi wala kinga achanjwe, dozi tatu ndani ya miezi sita hivi. Watoto huenda wamekwishachanjwa walipokuwa wachanga. Kadi zao za kliniki zitasema. Mpaka mkeo athibitike kuwa na kinga, yaani kipimo chake kifike 10 au zaidi, tumieni kondomu, kwa sababu B huambukizwa kwa tendo la ndoa. C kwa njia hiyo ni nadra baina ya mume na mke, lakini haina chanjo, kwa hiyo naye apimwe. Akiwa mjamzito au mkipanga mtoto, mwambieni daktari mapema. Mama mwenye B na virusi vingi hupewa tenofovir ujauzitoni, na mtoto huchanjwa ndani ya saa 24 za kwanza. Dawa za C kwa kawaida hatumwanzishii mama mjamzito.

Wembe wako uwe wako. Mswaki vilevile, na kikata kucha, ambacho watu hukisahau. Kirusi cha B huishi siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka, hivyo tone la damu sinkini lipanguswe kwa dawa ya klorini, si kwa tambara kavu. Lakini kula pamoja, kunywa kikombe kimoja, kumkumbatia mwanao, kulala chumba kimoja, haviambukizi. Nimewahi kukutana na baba aliyejitengea sahani na kijiko miezi mingi, watoto wakadhani amewakasirikia. Usifanye hivyo.

Kuna msomaji mwingine atakayeisoma barua hii naye ana C, HBsAg yake ni hasi, ila kingamwili za kiini cha B ni chanya. Huyo aliwahi kupata B ikamtoka, imebaki alama. Hatari ya B kurudi wakati wa dawa za C ni ndogo sana kwake, kama mmoja au wawili kati ya 100. Hatumpi kidonge cha B. Tunamfuatilia ALT, na ikipanda bila sababu tunatafuta virusi.

Turudi kwako. Wiki 12 baada ya dawa za C kwisha utapimwa RNA ya C. Isipoonekana, umepona C, na neno kupona nalitumia kwa maana yake kamili. Siku hiyo hiyo ndipo tunapolizungumza la B: tuendelee na kidonge au tusimame? Ukiwa na makovu, au saratani ya ini iko kwenye ukoo, utaendelea, na wengi huishia huko kwa miaka. Kosa nisilotaka ufanye ni kuacha mwenyewe kwa sababu unajisikia vizuri. Tenofovir ikikatwa ghafla B inaweza kuruka juu kwa nguvu, na ini likafeli ndani ya wiki chache. Kidonge kikikaribia kwisha, nenda kabla hakijaisha.

Pia uliza kuhusu altrasaundi ya ini kila miezi 6. Mwenye C aliyepona bila sirosisi kwa kawaida haihitaji. Ila B ina uwezo wa kuleta saratani hata kwenye ini lisilo na sirosisi, kwa hiyo uamuzi utategemea kile kipimo cha ugumu, umri wako na historia ya ukoo. Ukikutwa na sirosisi hakuna mjadala, ni kila miezi 6, hata C ikishaondoka.

Na karatasi ya RNA ya wiki ya 12 itoe nakala mbili, moja ikae nyumbani. Kingamwili za C zitabaki kwenye damu yako hata baada ya kupona. Mwaka wowote ujao, ukipimwa kwa ajili ya kazi, bima au upasuaji, kipimo cha haraka kitasoma chanya na mtu atakukabili kwa uso wa huzuni akuambie una homa ya ini C. Mwonyeshe karatasi hiyo, mwombe apime RNA.